Breki za Rafu Nyekundu

Noela wangu,

Mambo ya koti la baridi, ya kubadilisha mafuta ya gari, ya kutotoka nje na nywele mbichi, shangazi yako Mapendo atakuandikia kwenye simu, na atakuandikia mara kumi. Mimi nayapita. Ni Jumapili saa tisa mchana, umekwenda Oakdale kuwaaga rafiki zako, na kesho asubuhi tunapakia gari ukaanze masomo ya ufundi wa ndege. Nimekaa hapa mezani jikoni na karatasi kwa sababu nikikueleza kwa mdomo utanikatiza kwa Kiingereza chako, nami nitatabasamu, na nikishatabasamu nitapunguza mambo.

Soma polepole. Neno litakalokushinda muulize shangazi, lakini usimsomee barua nzima.

Jumanne saa nne asubuhi nina miadi na mwanasheria, na kutoka kwake tutakwenda pamoja kwa wachunguzi wa serikali. Nitawaambia nilichofanya kazini. Mwanasheria amenieleza wazi: kazi nitaipoteza, usaili wangu wa uraia unaweza kusimamishwa, na hata kibali cha kukaa nchi hii hawezi kuniahidi. Ninaogopa. Nimekuwa nikiogopa kwa miezi mitano, nawe umekuwa ukiona ninavyoingia bafuni kabla hata sijakusalimia. Ulidhani ni vumbi la ghala. Ni kinyaa, mwanangu. Kuna siku nasikia harufu ya mikono yangu hata baada ya sabuni.

Nianze na kazi yenyewe. Unajua kwamba mama yako ni karani katika kampuni ya vipuri vya ndege kule Savage, karibu na mto. Hujui karani hufanya nini kwa sababu sikuwahi kukueleza, nikidhani ni kazi isiyo na hadithi. Kipuri cha ndege hakiuzwi peke yake. Kinauzwa pamoja na karatasi zake: kilitengenezwa lini, kimefungwa kwenye ndege gani, kimetua mara ngapi, nani alikipima mwisho. Kipuri bila karatasi ni chuma chakavu. Kilichokataliwa na mpimaji hupewa lebo nyekundu na kuwekwa kwenye rafu iliyopakwa rangi nyekundu, kikisubiri kukatwa vipande ili mtu asije akakitumia tena. Daftari la rafu hiyo naliandika mimi.

Kazi yangu ya pili ni simu. Kuna nchi ambazo serikali imekataza kuziuzia vipuri. Moja iko vitani. Jina lake mwanasheria kanikataza kuliandika, lakini wewe unaijua, ndiyo ile ambayo majenerali wake wanapiga mabomu miji yao wenyewe. Basi kabla ya kumuuzia mteja wa mbali ni lazima mtu ampigie simu amuulize: ndege ni ipi, namba ya mkiani ni ngapi, inakaa uwanja gani? Jibu linaandikwa kwenye fomu, na mwulizaji anaweka alama ya vema na sahihi yake.

Bosi wangu, Todd, aliniajiri kwa ajili ya simu hizo. Aliniambia siku ya kwanza, "Wateja wetu wengi wa Afrika Mashariki na Kongo wanazungumza lugha yako. Wewe ni hazina." Nilirudi nyumbani Crystal nikapika pilau. Unakumbuka? Ulikuwa na miaka kumi na tano. Nilijivuna kwamba Kiswahili changu, ambacho wewe unaona haya kukijibu mbele ya wenzako, kimenipatia meza yangu na kiti cha kuzunguka. 

Mteja aliitwa Papa Gervais. Alikuwa dalali, anakaa mji mmoja wa Ghuba, ananunulia kampuni ya ndege ya Kongo. Ndivyo karatasi zilivyosema. Alitaka seti moja ya breki za magurudumu. Nilimpigia nikiwa na fomu mbele yangu na kalamu mkononi; namba ya mkiani alikuwa ameshaituma kwa barua pepe.

"Jambo, binti," akasema. "Sauti hii nayijua. Uko mutu wa wapi?"

"Niko wa Uvira, Papa."

"Uvira! Mulongwe ao Kalundu?" Akaitaja mitaa ya kwetu kwa majina.

"Kalundu."

"Ee Mungu wangu! Na baba yako ni nani pale?"

Nikamwambia alikuwa mwalimu, na kwamba alifariki. Akasema, "Balimu ba zamani balitupigaka fimbo, tukajua kusoma. Mungu amupumzishe." Noela, nililengwa na machozi kazini. Tangu tutoke kambi ya wakimbizi hakuna mtu aliyekuwa ameniombea baba yangu pumziko kwa sauti ile.

Nikajikaza nikauliza. "Papa, samahani, ndege yenyewe inakaa uwanja gani?"

"Iko kwetu, binti. Inabeba maharagwe na bagonjwa."

"Kwetu wapi, Papa?"

 Sauti yake ikabadilika, si kwa ukali, kwa majonzi. "Binti ya mwalimu. Unaniuliza mara mbili? Mimi niko mwongo?"

"Hapana, Papa. Unisamehe."

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimelipwa niulize, nimeuliza, sijajibiwa, nikaomba msamaha. Kisha kwenye nafasi ya uwanja nikaandika jina la uwanja ambao hakuutaja, kwa sababu ndio uwanja niliodhani mtu wa kwetu angeutumia. Nikaweka alama ya vema. 

Nimejiuliza mara nyingi niliipata wapi adabu hii iliyoniweka hapa, na ninaikumbuka siku yenyewe. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa amehamishiwa Shabunda, na Shabunda wakati ule hufiki ila kwa ndege, kwa sababu barabara ilikuwa imemezwa na msitu na vita. Tulipanda ndege kuukuu ya mizigo, tukakaa juu ya magunia. Kabla ya kupanda niliona tairi lake. Lilikuwa laini kama pia ya goti, halina hata mstari mmoja. Nikamuuliza mzee aliyekuwa akipakia, "Papa, tairi hili mbona limekwisha?" Akacheka, "Linatua tu, mtoto, halikimbii." Sikuelewa. Nikamuuliza tena. Baba alinifinya mkono hadi ukaacha alama. "Umesikia jibu. Unataka aape?" Tulipaa, tukatua salama, watu wakapiga makofi na kumshukuru Mungu, na mimi nikaona aibu kwamba nilimtilia shaka mtu mzima. Hilo ndilo nililojifunza Shabunda. Miaka ishirini na mitano nimelibeba nikidhani ni malezi.

Na nikakulisha wewe malezi hayo hayo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, mnakwenda kambi ya watoto wa kanisa, na wewe ukamfuata mchungaji mlangoni mwa gari. Ukamuuliza kama mikanda inafanya kazi.

"Ndiyo, mwanangu."

"Yote?"

"Ndiyo, ndiyo. Panda, tunachelewa."

"Nimejaribu miwili, haifungi."

Watu wote wakakugeukia. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Hawa watoto wa huku, hata Yesu wangemwomba kitambulisho," wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikakushika begani nikakuambia mpigie mchungaji goti umwombe radhi. Ulipiga goti kwenye lami ya maegesho. Ukapanda gari lile lile, ukaketi kwenye kiti chenye mkanda usiofunga, ukanipungia mkono.

Nimeanza barua hii mara tatu na kila mara nimekwama hapo. Wewe ulikuwa na haki. Mchungaji hakuijaribu ile mikanda, alitaka tu kuondoka. Mimi mama yako nilikupigisha goti kwa kuwa umeuliza swali la pili. Naomba unisamehe, na huu msamaha wa leo nauomba kwa kitu kilichofanyika kweli.

Narudi kwenye breki. Siku ya kufunga mzigo nilipita kupeleka karatasi, nikaona namba kwenye sanduku. Naijua namba hiyo kwa sababu niliiandika mwenyewe kwenye daftari la rafu nyekundu. Zilikuwa breki zilizotolewa kwenye ndege iliyokufa, sahani zake, zile zinazobana gurudumu lisimame, zimelika kupita kiwango. Nikamwendea Todd.

"Hizi si zilikuwa rafu nyekundu?"

"Zimepimwa upya," akasema. Alikuwa anakula karoti kutoka kwenye mfuko.

"Cheti chake kiko wapi?"

"Kinakuja, usijali." Kisha akacheka, akanisogelea kana kwamba ananipa siri ya sherehe: "Na hata hivyo, kule zinakokwenda, nani atazirudisha?"

Nilidhani anasema Kongo. Elewa hili, Noela, maana ndilo linalonichefua kuliko yote. Nilidhani anawasema watu wetu, mama wa Shabunda waliokaa juu ya magunia, kwamba wao hawana wa kumlalamikia. Na nikacheka. Kicheko kidogo cha kazini, cha kumridhisha mtu. Kisha nikampa karatasi.

Kumbe alikuwa anajua zaidi yangu: mzigo haukuwa unakwenda Kongo, ulikuwa unakwenda kwenye ile nchi ya majenerali. Nchi yenye vikwazo haiwezi kurudisha kitu. Mnunuzi hawezi kumpigia simu mtengenezaji, hawezi kushtaki, hawezi hata kusema alinunua, kwa sababu kununua kwenyewe ni siri. Basi wajanja wa biashara yetu wakaona shimo zuri la kutupia uchafu. Kile ambacho hapa kingekatwa vipande, kule kinauzwa kama kizima. Walioweka vikwazo walitaka kuwabana majenerali, na labda walikuwa na nia njema, sijui, walikuwa kwenye vyumba visafi. Majenerali wana ndege mpya, wamezipata kwa rafiki zao. Wanaopanda zile zenye breki zetu ni watu wanaokimbia mabomu yao. Kila aliyegusa mzigo huo, kuanzia kwa waliokataza mpaka sisi tuliokatazwa, ana karatasi inayoonyesha mikono yake ni safi. Ya kwangu ina alama ya vema.

Miezi mitano iliyopita, saa ya chakula cha mchana, msichana wa mapokezi alinionyesha video kwenye simu yake. Ndege ya abiria katika nchi ile ilishuka, ikakimbia njia yote ya kutua bila kupungua mwendo, ikapita mwisho, ikaingia kwenye ukuta na kushika moto. Ilikuwa imebeba familia zilizotoka kwenye mji uliozingirwa. Mtu aliyepiga picha alikuwa anakimbia, picha inaruka, na kwa muda mfupi mkia ukaonekana vizuri. Ile namba niliijua. Niliiandika mimi, kwenye fomu ya Papa Gervais, ndege ya maharagwe na wagonjwa.

Sijui kama ni breki. Nataka uwe mwangalifu hapa kama nitakavyokuwa mimi Jumanne. Inawezekana ilikuwa mvua, au rubani, au kitu kingine. Hakuna mpimaji atakayekwenda kuokota zile sahani kwenye majivu, vita haviruhusu, na wenye ndege hawataki. Hivyo sitajua kamwe. Kuna mwanamke kwenye video ile anatembea taratibu akiondoka kwenye moshi, ameshika viatu vya mtoto, kimoja kila mkono. Mtoto haonekani.

Nilimpigia Papa Gervais kwa simu yangu mwenyewe. Iliita mara moja, ikakatwa, na tangu siku hiyo haipatikani.

Wiki hiyo hiyo Todd aliniita ofisini. Mkewe alikuwa ameoka mkate wa ndizi, akanikatia kipande kikubwa, akakiweka kwenye leso ya karatasi. Akaniuliza habari zako. Akasema barua aliyokuandikia ya kukupendekeza chuoni aliiandika kwa moyo wote. Kisha akasogeza karatasi.

"Jambo dogo tu la kuweka faili sawa. Kwamba zile breki zilitoka kwenye rafu ya vizuri."

"Lakini daftari langu..."

"Daftari tutalirekebisha." Bado anatabasamu. "Sikiliza, hatukujua, sivyo? Wewe ndiye uliyeongea na yule bwana. Mimi hata sijui lugha yenu. Nilikuamini."

Aliposema lugha yenu nikaelewa kwa nini niliajiriwa. Nilikuwa na swali la pili mdomoni, na la tatu. Nikafikiria usaili wa uraia, nikafikiria chuo chako. Nikatia sahihi. Na kwa kuwa alikuwa ananitazama, nikala ule mkate, wote, nikamwambia amshukuru mkewe. Ulikuwa mtamu. Mpaka leo sinunui ndizi, ulifikiri ni bei.

Kwa hiyo nimekosea mara nne, nami nitayasema yote manne: simu, fomu, kicheko, sahihi. Mwanasheria anasema kicheko si kosa la kisheria, nisikitaje. Nitakitaja.

Siku ile ya mkate, kabla daftari halijachukuliwa, nilitoa nakala ya ukurasa wa rafu nyekundu na ya lebo yenyewe. Nilivaa koti nikazificha ndani kama mwizi. Zimekaa kwenye bahasha ya vyeti vyako vya shule tangu wakati huo, mahali pekee nilipojua hutafungua. Leo nimezitoa. Vyeti vyako ni safi, nenda navyo.

Sanduku la zana ambalo Todd alikuletea siku ya kuhitimu, lile jekundu unalolipenda, sitakuambia ulitupe. Nilikuona ulivyolala nalo pembeni ya kitanda. Lakini ujue lilitoka kwa nani na lilikuja kwa sababu gani, kisha fanya utakavyoona. Barua yake nayo ilikusifu kwa kweli. Kila kilichoandikwa mle unacho. Usije ukadhani umeingia chuo kwa uchafu wangu. Nimelifikiria hilo usiku na mchana, nikaona hapana, umeingia kwa alama zako na kwa mikono yako inayofungua kila kitu, hata mashine yangu ya kushonea ambayo hukuirudisha ilivyokuwa.

Chuo ulikuwa umeshaomba, lakini ulinishangaza ulipochagua fani hii. Nilitaka uwe nesi kama binti za wenzangu. Ulisema, "Mama, ndege haiwezi kukudanganya, unaifungua unaona." Ulisema kwa Kiswahili, ndiyo maana nakumbuka.  Nilikuwa nimeshatia ile sahihi wiki mbili kabla.

Siku moja utasimama mbele ya kitu kilicholika, na pembeni yako atakuwepo mtu mzuri. Nakuambia mtu mzuri, kwa maana mbaya utamtambua mwenyewe. Huyu atakuwa amekusaidia, atajua jina la mama yako, pengine atakuwa mtu wa kwetu na atakuita binti. Sijui utafanya nini. Mimi nilipokuwa hapo nilitaka sana apendezwe nami, na tamaa hiyo ilikuwa na nguvu kuliko woga, nikiwa mkweli. Woga ulikuja baadaye.

Sikuombi uniombee Jumanne, ingawa utaniombea. Sitaki uache masomo urudi, hata nikikupigia nikilia. Nikilia nitakuwa nasema chochote. Shangazi yako ana ufunguo wa nyumba na nambari ya mwanasheria.

Ila kuna moja. Habari zitafika kanisani, na watu watakuwa wema. Watasema mama yako ni mkimbizi maskini, alitumiwa na Mzungu, hakujua sheria za nchi. Watakuambia hivyo ili wakufariji, nawe utatamani kukubali, kwa sababu unanipenda. Usikubali. Nilisoma, nilikuwa na diploma ukutani, na lile daftari niliandika kwa mwandiko mzuri. Mtu yeyote akikuuliza, mchungaji au mchunguzi au mtoto wako siku moja, kama mama yako alijua, mwambie alijua. Akiuliza mara ya pili, mjibu tena.

Mama yako anayekungoja mlangoni sasa hivi, maana nasikia gari lako,

Mama Noela